Barua kwa wifi yangu anayehesabu wiki

Wifi yangu mpendwa,

Assalaam aleikum. Juzi ulipopita hapa Ngamiani ukasahau kadi yako ya kliniki juu ya kabati, niliifungua bila idhini yako, na kwa hilo naomba radhi. Chanjo ya pepopunda na dondakoo umepata dozi ya kwanza tu, na tarehe ya pili imeshapita. Uliwahi kuniambia kwamba sindano ile ni ya mama na wewe huumwi kitu.

Si ya mama peke yake. Ukichanjwa, mwili wako hutengeneza kinga ambayo hupita kwenye kondo la nyuma na kumfikia mtoto, hasa katika miezi ya mwisho, naye huzaliwa na akiba ya kuanzia maisha. Kwa njia hiyohiyo sasa imepatikana chanjo ya virusi vya RSV, ambavyo kwetu watu wazima ni mafua ya kupenga na kusahau, lakini kila mwaka huua watoto zaidi ya 100,000 wa chini ya miaka 5, karibu nusu yao wakiwa hawajatimiza miezi 6. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mama apewe dozi moja kuanzia wiki ya 28 ya ujauzito, na kinga huhitaji kama wiki 2 kabla ya kujifungua ili imfikie mtoto vizuri. Ipo pia sindano ya nirsevimab, anayodungwa mtoto mwenyewe. Hiyo humpa kinga iliyokwisha tengenezwa, ya miezi 5 hivi. Kwenye kadi yako sikuona mstari wa RSV, kwa hiyo mwulize muuguzi habari zake, ila zile zilizomo usiziache ukisubiri hiyo.

Mwanangu wa pili alikuwa na wiki 5 alipoanza kukohoa. Kaka yake alirudi chuoni na makamasi, akambusu mdomoni, nami nikacheka. Siku ya tatu mtoto akakataa titi, mbavu zikawa zinaingia ndani kila akivuta pumzi, na tukalala wodini usiku nne akiwa kwenye oksijeni. Watafiti waliofuatilia kaya za Kilifi, hapo ng'ambo ya mpaka, walikuta kwamba mara nyingi walioleta RSV kwa vichanga ni ndugu zao wakubwa, hasa wanafunzi wa shule.

Kwa hiyo arobaini yako naiomba iwe arobaini kweli: mwenye mafua asalimie kutoka mlangoni, awe bibi au awe mjomba, na chetezo cha ubani kikae ukumbini, maana moshi haumfai mtoto mchanga hata ukinukia vipi. (Mama atanuna. Niachie mimi.) Kichanga wa chini ya miezi 2 akipumua mara 60 au zaidi kwa dakika huku ametulia, usingoje kuche, mpeleke hospitali. Na ukitoka arobaini usijipumzishe sana, kwani siku ya 42 ndiyo wiki ya 6, zamu ya chanjo zake mwenyewe, zikiwemo za kifaduro na nimonia, kisha wiki ya 10 na ya 14.

Kadi bado ninayo. Jumatatu saa moja na nusu asubuhi nitakupitia, tuende wote.

Wifi yako,
Tanga