Daftari la madeni la kaka yangu lifunguliwe kwa nyuma kwanza

Assalam aleikum wanangu, watoto na wajukuu wa marehemu kaka yangu, mulioko hapa Lamu na mulioko Mombasa, na nyinyi mulioko Jeddah na Uingereza ambao munatuma voisi usiku wa manane.

Shangazi yenu nawaandikia hapa mbele ya watu kwa sababu na nyinyi mumeanza mbele ya watu. Mumegombana juu ya nyumba na mali aliyowacha baba yenu kwenye grupu ya familia, maneno yakatoka humo yakafika gatini, leo naenda sokoni muuza samaki ananiuliza eti ile nyumba inauzwa shilingi ngapi. Kaka hata arubaini haijafika.

Lililoniuma zaidi ni la juzi. Nimekaa ndani na mama yenu, yuko edani, ana miezi minne na siku kumi za kukaa mumo humo alimofiwa, tunasoma Yasini, mara tunasikia kitu kinapiga ukuta pale dakani, ukumbi wa mlangoni wenye baraza, kumbe dalali kaja na mtu wake wanapima daka kwa futi, ile futi ya chuma inayojikunja yenyewe. Mama yenu akafunga msahafu akaniuliza, "Wifi, wanapima kaburi jengine?" Sikuwa na la kumjibu. Aliyemtuma yule dalali anajijua, na jina lake silitaji hapa, lakini kabla ya Ijumaa aende akamuombe mama yake radhi.

Munajua daka lile ni nini? Nyinyi wadogo mumelikuta tu mukadhani ni mawe na chokaa. Baba yenu alikuwa akitoka kuswali Alasiri anakaa barazani upande wa kushoto, birika la kahawa pembeni, tende kwenye sahani, na kila apitaye anaitwa, "Ndoo, keti." Mtu akija ana shida kaka alikuwa anaijua kwa vile anavyoshika kikombe, hamuulizi mbele za watu, anangoja ainuke kisha naye anainuka anasema ngoja nikusindikize, wanakwenda mpaka mwisho wa kichochoro wale wawili peke yao, na huko ndiko yalikokuwa yakisemwa, sisi wa dakani hatusikii kitu. Mfungo Sita ukiingia nyumba yote inakuwa ya wageni wa Maulidi ya msikiti wa Riyadha, wa Siyu, wa Faza, wengine hata hatujui wametoka wapi, mikeka mpaka darini.

Na mali yenyewe haikuwa nyingi kama munavyodhani. Kaka alikuwa mtu wa boriti, majahazi yakipakia mikoko yakiondoka na kusi kwenda Uarabuni. Mwaka 1982 serikali ikapiga marufuku kupeleka boriti nje, biashara ikafa vivi hivi, nakumbuka mabaharia wamekaa pale Mkunguni mbele ya ngome hawana la kufanya. Kaka akauza dhahabu, tena dhahabu ya mkewe, huyu huyu aliye edani sai, naye mwenyewe ndiye aliyeivua akampa, mabaharia wakalipwa wote. Kwa hiyo mukisema "mali ya baba" mukumbuke na mikono ya mama ilibaki mitupu kwa ajili yake.

Lengine hamulijui na leo nalisema maana mwenyewe keshaondoka na aliyenikataza hayupo. Kila Alhamisi usiku nilikuwa nafunga sukari na majani ya chai kwenye vifuko pale jikoni kwangu, yeye anatia unga, kisha kabla ya Alfajiri punda anapita Mkomani, Langoni mpaka Gadeni, kifurushi kinawekwa mlangoni, hakuna kubisha hodi. Nyumba tisa. Wengi wao mpaka leo hawajui vifurushi vilikuwa vyatoka wapi, na sitawatajia ni nyumba zipi, atakayetaka kuendeleza atapelekwa na yule yule mwenye punda.

Sasa daftari. Nasikia mumelipata kabatini, lile la jalada jekundu, na kuna mmoja wenu keshakwenda Matondoni kumdai fundi wa majahazi pesa za miaka mingi. Mwanangu, umelitizama lile jina vizuri? Limepigwa msitari. Kaka akisamehe deni alikuwa anapiga msitari mmoja kwa rula, na siku hiyo hiyo anamwambia mwenyewe, nishakusamehe, usinikimbie tena njiani. Mungu katwambia kwenye Suratul Baqara mdaiwa akiwa na dhiki angojewe mpaka apate wepesi, na kumsamehe ni bora zaidi. Kaka alichagua lile bora. Huwezi wewe kufuta msitari wa marehemu. Rudi Matondoni, kama umepokea hata shilingi irudishe.

Wala hamukulipindua. Kurasa mbili za nyuma ndizo alizoandika yeye anadaiwa nini na nani, deni la mwenye duka, la nahodha, hata bei ya mbuzi mmoja. Hizo ndizo za kuanza nazo. Munapanga hitima ya ng'ombe wawili na tisheti zenye picha yake na mtu wa video, na huku roho ya baba yenu imefungwa na deni la mbuzi? Lipeni kwanza. Baada ya deni wosia, nao usipite thuluthi, kisha ndio mirathi, na mirathi mwende kwa kadhi muandikiwe, musigawane kwenye simu. Na dada zenu wana fungu lao lililotajwa kwenye Kitabu, anayewaambia "nyinyi mumeolewa" anyamaze.

Kuhusu nyumba sisemi isiuzwe milele, najua wengine wenu muna karo na kodi huko muliko, na najua nyumba za mawe zina bei tangu hata kabla mji wetu haujaingizwa na UNESCO kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001. Nasema mama amalize eda yake kwa utulivu. Halafu mukae, anayeweza awanunue wenzake, na mukishindwa kabisa njooni kwangu kwanza kabla ya dalali.

Alhamisi hii baada ya Alasiri nitakuwa dakani, upande wa kulia. Daftari lije. Sukari nishanunua kilo tano, nataka mabinti wawili waje wanisaidie kufunga maana vidole vyangu havishiki uzi tena, na kijana mmoja wa kuamka mapema na punda.