Aksanti, mama wa barazani

Tangu masomo ya msingi yawe bure Kongo, Septemba 2019, watoto wengi wamepata shule, na hilo ni jema. Lakini hapa Bukavu darasa la kwanza la binti yangu lilifika watoto 112 kwa mwalimu mmoja, wakiketi wanne wanne kwenye benchi la wawili. Mwalimu akaugua. Hakukuwa na wa kushika nafasi yake.

Siku ya tatu akaja mama mmoja, mwalimu mstaafu, akaomba ruhusa kwa direkteri. Kwa wiki sita alitembea kwa miguu kutoka Kadutu. Aligawa darasa: kundi moja likiandika ndani, jingine likisoma naye barazani, kisha wakabadilishana. Chaki alinunua mwenyewe. Wasiojua herufi hata moja alibaki nao nusu saa baada ya kengele. Binti yangu alikuwa mmoja wao. Jana alinisomea maandishi ya mfuko wa unga, polepole, hadi mwisho.

Mama, ulikataa hata nauli tuliyokuchangia, ukaomba tusikutaje jina. Aksanti sana. Nanyi wastaafu wengine, mwalimu wetu amerudi, ila bado yuko peke yake na watoto 112. Njooni, hata asubuhi moja kwa wiki.