Mjomba, waangalie na wale watu wa chini

Shikamoo mjomba. Juzi nilivyokuja kwako nikaikuta ile picha ya hekalu la Abu Simbel umeitundika sebuleni juu ya tivii, ukaniambia hiyo ndo Misri yenyewe ilivyokuwa. Sikutaka kubishana na wewe mbele ya wageni ila imenikaa moyoni.

Hiyo ni ya David Roberts, mchoraji Mskoti, alifika kule Novemba 1838. Na mkono alikuwa nao, hilo sipingi. Kuna aliyochora ndani ya hekalu la Philae, vichwa vya nguzo bado vina rangi, na rangi zile leo ukienda huzikuti vile, maana bwawa la Aswan lilipoisha 1902 hekalu likawa linazama miezi kibao kila mwaka, maji yakazila. Yeye katuwekea, nashukuru kabisa.

Ila isogelee ile yako. Masanamu ya Farao Ramses yana kama mita 20, halafu kwenye mchanga kuna vijitu vya vilemba, sura huzioni, wamewekwa pale ili ujue jiwe ni kubwa kiasi gani, basi, kama vile wenye nchi walishakwisha na hawa ni wapita njia tu.

Na kamera zilipokuja ikawa yale yale mjomba. 1850 Mfaransa Maxime Du Camp alikuwa anampandisha baharia wake Hajj Ishmael, Mnubi, yaani mwenyeji wa kule kule kusini mwa Misri, juu ya magofu akae kama rula, na ili asitikisike akamwambia lile bomba la shaba la kamera ni mzinga, ukijigusa tu unakulipua. Mtu mzima, hajj, anakaa juu ya jiwe kwenye jua lile anaogopa hata kupumua! Hiyo inaniuma mpaka leo.

Baadaye likaja bwawa kubwa zaidi la Aswan, dunia ikachanga hela hekalu la Abu Simbel lisizame, 1964 mpaka 1968 likakatwa vipande likapandishwa mita kama 65 juu, lakini Wanubi karibu 50,000 upande wa Misri wakahamishiwa huko Kom Ombo, nyumba zao na mitende na makaburi ya wazee wao vyote viko chini ya Ziwa Nasser. Ni wajukuu wa walewale wa kwenye mchanga.

Usiitoe picha mjomba. Nikija Idi nakuletea ya Hajj Ishmael, nimeshaiprinti, tuitundike pembeni yake.