Usiitume kwanza ile barua

Shoga yangu,

Assalaamu alaykum. Huku Unguja sote wazima, Alhamdulillahi. Ami ameshatoka hospitali, anakusalimu sana. Mengine baadaye, maana tangu jana roho yangu iko kwenye barua uliyonitaka niipitie, ya kumdai yule Muingereza wa mikoba.

Usiitume, nakuomba. Umeandika vizuri, ila pale uliposema alichukua mikoba yenu "under false pretences" pamenishitua. Najua ulichokusudia: kwamba alikuja kujishaua, saa ya dhahabu, gari ya kukodi, kumbe mfukoni hana kitu. Hayo ni maringo, na wenyewe husema mtu "puts on airs". Ulichoandika wewe ni kizito zaidi. Ndiyo yale ya taarifa ya habari, fulani kafikishwa mahakamani kwa kujipatia fedha kwa njia ya udanganyifu. Bara kosa hilo limo kwenye Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 302. Uingereza kosa lenye jina hilo liliondolewa na sheria ya wizi ya mwaka 1968, wakalipa jina jengine, lakini maneno yenyewe wanayatumia mpaka leo, na akiyasoma atajua umemwita tapeli.

Sasa, kama alikwambieni ana duka London na duka halipo, yaache maneno yako kama yalivyo, umeyaandika sawasawa. Lakini kama duka analo, akaahidi kumalizia nusu iliyobaki baada ya Idi na hajamalizia, huyo ni mdaiwa mbaya tu. Kuvunja ahadi peke yake hakutoshi. Lazima awe alisema uongo na huku anajua ni uongo, na nyinyi mkatoa mali kwa sababu ya uongo huo.

Usidhani namtetea. Ule mkoba mkubwa wa zambarau nauona mpaka sasa, Bi Mkubwa alivyokuwa akiusuka ukili wake kwa mwanga wa simu, umeme umekatika, vidole vimemvimba. Kwa ajili hiyo hasa sitaki mumpe pa kutokea. Akipata neno moja msiloweza kulithibitisha, atagombana na neno hilo, na deni atalikalia kimya.

Basi niambie. Duka alilitaja kwa jina? Yako maandishi, japo ujumbe wa simu, au yalikuwa mazungumzo ya barazani tu? Nani mwengine alisikia? Risiti ya malipo ya mwanzo unayo wewe au mweka hazina? Na yule kijana wa Wete aliyemleta, anasemaje? Au naye hapokei simu?

Mama mdogo akija na boti mpe nakala za risiti, kisha tukae kwenye simu tuiandike upya. Mpaka hapo iache ndani ya kabati.

Shoga yako