Mheshimiwa Waziri, tuuzie wageni asubuhi ya ziwa

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Utalii,
Serikali ya Kaunti ya Kisumu.

Mheshimiwa,

Salamu kutoka Nyalenda. Kazi yangu ni kuongoza wageni ziwani, na wengi wao si Wazungu. Ni watu wetu: vikundi vya akina mama kutoka Vihiga, kwaya za Kakamega, walimu wa Kericho, vijana wa Nairobi wanaoshuka wikendi kula samaki. Karibu wote wamekuja kwa sababu ya kitu kimoja, machweo. Angalia matangazo ya mji huu, ya hoteli na ya serikali: jua jekundu, boti nyeusi, mtu kanyoosha mikono. Sibishi, jua la Nam Lolwe, yaani Ziwa Victoria, likizama ni zuri. Lakini tumejifunga kwenye saa mbaya kuliko zote za kumtia mgeni majini, na ninaandika kuomba ofisi yako ianze kuuza asubuhi.

Mambo ya upepo wetu hayana siri. Wavuvi wa bichi ya Dunga, hapa Kisumu, waliyajua kabla hata mji huu haujawa na ofisi ya utalii. Mchana ardhi hushika joto haraka kuliko maji, hewa ya nchi kavu hupanda juu, na upepo wa ziwa huingia kujaza nafasi yake. Ikifika saa tisa au saa kumi alasiri huwa umeshapamba moto. Ghuba ya Winam ni ndefu, mlango wake uko magharibi kule Rusinga, na Kisumu imekaa kwenye ncha ya mashariki, kwa hiyo wimbi likianzia katikati ya ghuba lina nafasi ya kutosha kukua kabla ya kutufikia. Ongeza mvua za radi, ambazo hapa hupenda kupiga jioni. Usiku mambo hugeuka. Ardhi hupoa, upepo hutoka nchi kavu kwenda majini, na kukipambazuka maji ya Dunga na Hippo Point mara nyingi huwa yametulia tuli.

Sasa tazama tunavyofanya sisi. Boti ya machweo huondoka saa kumi na moja jioni, upepo ukiwa bado haujashuka. Jua huzama kama saa kumi na mbili na dakika arobaini, na hapa karibu na ikweta giza halibishi hodi. Mgeni anataka picha ya mwisho, nahodha anamwongezea dakika kumi, kisha kurudi kunakuwa kwa kubahatisha: boti haina taa, mbele kuna nyavu zilizotegwa na mashuka ya gugumaji. Gugumaji hilo, tangu lionekane upande wetu wa ziwa karibu mwaka 1990, halijawahi kuomba ruhusa ya mtu. Hufuata upepo tu. Unaweza kuondoka bichi ikiwa wazi na kurudi ukaikuta imefungwa, injini inajisokota kwenye mizizi na abiria wanaanza kuombeana.

Likizo ya Agosti nilikuwa na familia kutoka Mbale kwenye bichi moja ambayo sitaitaja. Jaketi za kuokoa maisha zilikuwepo, sisemi hazikuwepo. Zote zilikuwa za watu wazima. Msichana wa miaka kama sita alivishwa moja ambayo mkanda wa kiunoni ulishakatika, ukafungwa kwa kipande cha kamba ya katani. Alipoinua mikono kumpungia nyanya yake aliyebaki ufuoni, jaketi ikapanda mpaka masikioni, mwili ukabaki chini. Angeanguka, jaketi ingeelea na mtoto angezama. Nikamwambia nahodha. Akanijibu kwa upole kabisa, "Madam, watoto hushikwa na mama zao." Boti ikaenda bila sisi. Tukakaa tukala samaki, na baba wa familia akaninunia mpaka walipopanda matatu.

Nahodha yule si mtu mbaya, na nisingependa barua hii imfikie kama mashtaka. Anafanya biashara ya saa mbili kwa siku. Wageni wote hufika pamoja, boti zote hugombania abiria walewale, na anayekataa kupakia kwa sababu ya wimbi humtazama jirani yake akipakia. Mafuta ameshanunua kwa mkopo. Asubuhi boti hiyohiyo imefungwa kwenye kigingi, yeye amekaa juu ya mtungi anakunywa chai. Ukimletea abiria wa asubuhi, utampa uwezo wa kusema hapana jioni. Kanuni pekee haiwezi kumpa uwezo huo.

Na kusema kweli, asubuhi kuna mengi zaidi ya kuona. Boti za omena, dagaa wa ziwa letu, zinarudi na taa zao baada ya usiku kucha wa kuvuta samaki kwa mwanga. Wanawake wamesimama na mabeseni, bei inapigwa kabla chombo hakijagusa mchanga, halafu omena inamwagwa juu ya nyavu zilizotandazwa, inang'aa mpaka unafumba jicho. Nimeona mabwana wa Nairobi waliokuja wakipiga miayo wakisahau simu mfukoni. Upande wa pili kuna mafunjo. Kinamasi cha Dunga kina ndege ambao hawaishi popote ila kwenye mafunjo, akiwemo yule mweusi mwenye kifua chekundu na utosi wa manjano. Huyo husikika kabla hajaonekana, na huimba jua likiwa changa. Mdiria anapepea mahali pamoja juu ya maji, anajirusha, anakosa, anarudia. Jioni, injini kumi zikinguruma kwa pamoja, hutasikia hata furukombe.

Nitakuwa mkweli kuhusu viboko, maana utaulizwa. Usiku hupanda nchi kavu kula majani, na alfajiri hurudi majini. Kwa hiyo "asubuhi" ninayoizungumzia si kiza cha saa kumi na moja. Ni saa kumi na mbili na nusu, kukiwa kumekucha, nahodha akiona mbele yake, na wageni wakingoja kwenye gati, si kutangatanga kwenye nyasi wakitafuta picha. Kichocho nacho hakijui ratiba ya watalii. Vijidudu vyake hutoka kwa wingi kwenye konokono jua likiwa kali, lakini hiyo haimaanishi asubuhi ni salama kuogelea ufuoni, na ningefurahi sana kuona bango linalosema hivyo waziwazi badala ya kumwachia kila mgeni akisie.

Wenye hoteli watasema watu wa likizo hulala. Wengine ndiyo. Lakini treni ya Nairobi ilipofufuliwa Desemba 2021, ilikuwa ikiondoka Ijumaa jioni na kutufikishia watu Jumamosi asubuhi, na mabasi ya usiku hufanya vivyo hivyo kila siku. Wageni hawa hufika chumba kikiwa bado hakijawa tayari. Wanazurura mjini na mabegi, wanakunywa chai mahali fulani, wanalala vitini, kisha saa kumi jioni tunawaambia sasa twendeni ziwani. Mtu ameshafika, ameshaamka, ana pesa, na Dunga ni safari fupi ya tuktuk. Sisi ndio tumelala.

Najua utaniambia ukaguzi wa boti ni kazi ya Mamlaka ya Baharini ya Kenya na doria ni ya Walinzi wa Pwani walioanzishwa 2018. Sawa. Lakini picha za matangazo ni zako, bajeti ya bichi inapitia kwako, na BMU, kamati za usimamizi wa bichi, hukaa kukusikiliza. Anza na jaketi za watoto, zilizopangwa kwa uzito wa mtoto, zikiwa na mkanda wa kupita katikati ya miguu ili zisipande. Kila bichi inayobeba wageni iwe nazo za kukodisha, hata kama ni chache, na boti isiyo na jaketi ya mtoto isibebe mtoto. Idara ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa ziwa unaotaja upepo, mawimbi na radi. Leo unaishia kwenye simu za wachache. Naomba ubao mmoja pale gati, uandikwe kila siku kwa Kiswahili na Kijaluo kwa chaki, na mtu wa BMU mwenye mamlaka ya kufunga safari ubao ukisema vibaya, bila kugombezwa na mwenye boti.

Na boti za jioni ziwe zimerudi kabla ya jua kugusa maji. Machweo hayahitaji boti, Mheshimiwa. Yanaonekana vizuri kabisa ukiwa umeketi Dunga na sahani ya ngege (tilapia) ya kukaanga, ugali na mboga ya osuga (mnavu), na mwenye kibanda naye anapata chake. Nahodha asipate hasara: abiria aliokuwa akiwachukua jioni atakuwa amewachukua asubuhi, na bado ana siku nzima ya kuwapeleka wengine kisiwa cha Ndere kutazama swala, mradi awe amerudi kabla upepo haujaamka.

Nimebakisha ombi moja dogo, ambalo wageni wangu hulitaja kuliko yote. Vyoo vya bichi nyingi hufunguliwa saa tatu, mlinzi akishafika na ufunguo. Mtu aliyekaa kwenye basi tangu Nairobi hataanza kwa kutazama ndege. Tafadhali, ufunguo ufike saa kumi na mbili.

Wako mtiifu,
Mwongoza wageni, Nyalenda, Kisumu