Amri moja, majina sita: tusafishe miongozo ya programu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wenzangu wanaoandika miongozo ya programu hapa Uganda, hasa zile zinazowekwa kwenye vituo vya afya, shule na vyama vya akiba na mikopo. Mimi ni mwalimu wa kompyuta mjini Arua. Wanafunzi wangu wanatoka Koboko, Yumbe na Nebbi, wengine wamevuka kutoka Kongo, na Kiswahili ndicho kinachotukutanisha darasani.

Mwezi uliopita kijana wangu mmoja aliyekuwa mafunzoni katika chama cha akiba aliambiwa asakinishe programu ya hesabu kwenye seva yao, akifuata mwongozo wa kampuni iliyoitengeneza. Saa tatu usiku akanipigia simu. Kila amri aliyonakili ilikataliwa. Nikamwambia, "Hebu nisomee unachokiona, mwanangu." Akaanza: "Alama ya dola, mwalimu, halafu sudo, halafu..." Nikamsimamisha hapo hapo. Ile dola si sehemu ya amri. Ni alama ambayo terminali, lile dirisha la kuandikia amri, huonyesha inapongoja uandike. Yeye aliinakili pamoja na amri, na mashine ikawa inatafuta programu iitwayo "$". Tena mistari miwili iliyofuata haikuwa amri kabisa, ilikuwa majibu ya mashine, naye akaibandika vilevile. Tulimaliza karibu saa sita, mimi nikimtajia amri moja moja kwa simu.

Asubuhi nikalifungua faili la mwongozo ule. Limeandikwa kwa Markdown, namna ya kupanga maandishi kwa alama chache za kawaida. Humo, kipande cha msimbo huwekwa kati ya vialama vitatu vidogo vilivyoinama, juu na chini, na mara baada ya vile vya juu pana nafasi ya neno la kutaja lugha ya kipande. Neno hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Amri za terminali, za aina moja kabisa, zilikuwa zimepewa majina sita: "sh", "bash", "Bash" kwa herufi kubwa, "shell", "console" na "terminal". Kwingine pameachwa patupu. Ukurasa mmoja peke yake ulikuwa na majina matatu.

Najua wapo watakaosema hayo ni mapambo ya rangi tu. Chukueni neno "shell" mlitazame. Pygments, programu ya kupaka msimbo rangi, hulisoma kuwa amri tupu, sawasawa na "bash". Ile nyingine iitwayo highlight.js hulisoma kuwa mazungumzo ya terminali, yaani alama ya kungojea, amri, na majibu yake. Neno ni lile lile, faili ni lile lile, lakini ukihamisha mwongozo kutoka mtambo mmoja kwenda mwingine maana inabadilika bila mtu kugusa kitu. Na ukiacha patupu, highlight.js hujaribu kubahatisha lugha yenyewe. Mwanafunzi anayeanza huziamini rangi zile kama anavyoniamini mimi.

Lebo hizi, yaani maneno haya ya kutaja lugha, husomwa na programu pia. Nina programu ndogo ya Python inayochuna kutoka kwenye mwongozo vipande vyote vya "bash" na kuviendesha kwenye mashine ya majaribio, nijue kama hatua bado zinafanya kazi kabla sijawapa wanafunzi. Kwenye mwongozo ule ilipita salama bila kosa lolote. Nikafurahi bure: hatua ya kuweka nakala ya akiba ya hifadhidata ilikuwa imeandikwa "sh", kwa hiyo haikuchunwa wala haikujaribiwa.

Chanzo cha mchafuko si uvivu wa waandishi peke yake. John Gruber alipotoa Markdown mwaka 2004, msimbo ulitambulishwa kwa kuusogeza ndani nafasi nne, na hapakuwa na mahali pa kutaja lugha. Vialama vitatu vilikuja baadaye. Hata CommonMark, juhudi iliyotangazwa 2014 kuweka kanuni za Markdown, inasema kwamba neno la kwanza kwa kawaida hutaja lugha, lakini haimlazimishi yeyote namna ya kulitumia. Kila mtambo ukabaki na orodha yake.

Sisi watu wa Kiswahili tulishapita njia hii. Mwaka 1928 kikao cha Mombasa kiliteua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na kamati ya lugha iliyoanza kazi 1930 ilihusisha Uganda pia. Kimvita, lahaja ya Mombasa, hakikuwa kibaya. Vitabu vya shule vilihitaji tahajia moja.

Ombi langu kwa kila kampuni na kila mwandishi: kaeni siku moja muandike ukurasa mfupi wa lebo zenu. "bash" iwe ya amri za kunakiliwa, bila dola. "console" iwe ya mazungumzo yanayoonyesha majibu. "text" iwe ya maandishi yasiyo msimbo. Lugha yenye majina mawili ipeni moja tu: chagueni "yaml" au "yml", "python" au "py", msichanganye. Kisha muiachie ulinzi markdownlint, programu ya kukagua faili za Markdown: kanuni yake ya MD040 hukamata kipande kisicho na lebo, na unaweza kuipa orodha ya lebo zinazoruhusiwa ikatae nyingine zote. Ni kazi ya dakika chache.

Na wanaotafsiri miongozo kwa Kiswahili, kazi ninayoithamini sana, lebo msiziguse. Binti mmoja darasani kwangu, mwenye bidii kuliko wote, alibadilisha kila "text" kuwa "maandishi". Nilimweleza kwa upole kwamba neno lile linasomwa na mashine, na mashine ile haikufundishwa lugha yetu.

Faili la mwongozo ule nimelisahihisha lote na kuipelekea kampuni wiki mbili zilizopita. Bado nangoja jibu lao.

Mwalimu wa kompyuta,
Arua