Harambee ya Nauli ya Kemo: Watoto Wetu Wamalize Dawa

Kwa waumini wote wa ushirika wetu, wana wa lokesheni walioko Nairobi, Mombasa na ng'ambo, na majirani wa kila dini: Bwana asifiwe.

Tunajua mmetuchoka. Mwezi wa nne tulipita kwenu na kadi za paa la kanisa, mkatoa, na mabati yakapanda mvua ya masika ikiwa bado inanyesha. Rangi yenyewe haijakauka vizuri, na sisi hawa tunabisha hodi tena. Tunaandika kwa haya, lakini jambo lenyewe halingojei.

Kuna mtoto wetu wa Gredi ya Tatu ambaye wengi mmemwona akigonga kengele Jumapili. Wazazi wake wameturuhusu tueleze. Ilianza na jino kulegea akitafuna mahindi ya kuchoma. Likang'olewa. Juma lililofuata la pili likalegea, kisha la tatu, na ufizi ukavimba. Jirani akasema ni jipu, mwingine akasema ni mkono wa mtu. Hadi anafikishwa hospitali kubwa Kisumu, shavu lilikuwa limesukuma jicho juu na hawezi kufumba mdomo akalala. Jibu lilikuwa limfoma ya Burkitt, saratani inayokua upesi kuliko karibu zote zinazojulikana kwa binadamu. Seli zake huweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili tu.

Ila jamani, sikieni na upande wa pili. Baada ya kemo ya kwanza, yaani dawa za saratani zinazotolewa kwa mizunguko, uvimbe ulinywea. Kabla ya juma mbili kwisha alikuwa anaomba ugali na omena, na mama yake akatuma picha kwenye kundi la akina mama, tukapiga vigelegele. Hapo ndipo tulipoteleza sote. Tarehe ya mzunguko wa pili ilifika nauli haipo, mtoto anaonekana mzima, anacheza mpira. Wakaona wangoje mavuno. Uvimbe ukarudi, na safari hii ulianza na tumbo. Sasa yuko wodini tena, mama yake analala sakafuni chini ya kitanda, leso moja ya kutandika na nyingine ya kujifunika.

Dawa za ugonjwa huu zipo, na watoto wengi hupona wakiwahi na wakimaliza mizunguko yote. Cha kuumiza ni kwamba mtoto anaweza kuokolewa na kemo akapotezwa na nauli ya matatu.

Na ugonjwa wenyewe si mgeni kanda hii yetu ya ziwa. Mwaka 1957 pale Mulago, Kampala, daktari mpasuaji Denis Burkitt aliitwa na mwenzake Hugh Trowell amtazame mtoto wa miaka mitano aliyevimba taya pande zote nne. Muda si mrefu, akiwa Jinja, akachungulia dirishani akaona mtoto mwingine ameketi na mama yake, uso ule ule. Burkitt alikuwa mcha Mungu, na alikuwa na jicho moja, la pili alilipoteza utotoni. Kwa jicho hilo moja aliona kilichowapita wenye mawili. Akatuma picha kwa hospitali za bara zima kuuliza nani amewaona watoto kama hawa. Mwaka 1961, yeye na wenzake wawili wakapanda gari kuukuu la Ford wakazunguka zaidi ya kilomita 16,000 hadi Afrika Kusini, wakiuliza hospitali baada ya hospitali. Wakagundua uvimbe huu unafuata joto na mvua, mle mle inamokaa malaria. Mwaka 1964, Epstein, Achong na Barr wakiwa London wakaviona virusi ndani ya seli za uvimbe uliosafirishwa kutoka Uganda. Virusi hivyo karibu kila mtu mzima anavyo na wala haumwi. Hatari huzidi pale mtoto anapopigwa na malaria mara kwa mara. Kwa hiyo neti mliyogawiwa ifungeni kitandani, si kwenye kitalu cha sukuma.

Tena kuna seli za kijana wa Kiafrika wa miaka 16 aliyeugua ugonjwa huu huu, zinazoitwa Daudi, ambazo zimekuzwa maabarani tangu 1967 na bado zinatumiwa na watafiti wa saratani duniani. Watoto wetu wameifundisha dunia kutibu, halafu mtoto wetu anakosa kufika Kisumu?

Tuseme ukweli hata kama unachoma. Mtu akifa hapa kwetu, kufikia jioni hema limeshapatikana, ng'ombe ameshapatikana, basi la kutoka Nairobi limeshalipiwa. Mgonjwa akiwa bado anapumua tunasema tutaona mwisho wa mwezi. Mnawakumbuka wale wanne waliombeba mwenzao aliyepooza wakatoboa paa ili afike kwa Yesu. Sisi paa tumelimaliza, anayebebwa bado yuko nje.

Nauli ya mama na mtoto kwenda na kurudi, boda boda ikiwemo, ni shilingi 1,600. Kwa mizunguko sita ni 9,600. Tunataka mfuko wa watoto kumi, kwa sababu hata sasa wako watatu na hatujui kesho, hiyo ni 96,000. Chumba cha kupanga karibu na hospitali, ili akina mama waache kulala sakafuni, ni 72,000 kwa mwaka. Magodoro, blanketi, jiko na sufuria 42,000. Chakula na vipimo ambavyo bima hailipi 140,000. Jumla 350,000. Pesa zitapokelewa na mhazini pekee, risiti itatolewa, na hesabu zitasomwa kanisani Jumapili ya kwanza ya kila mwezi.

Harambee ni Jumamosi ya pili ya mwezi ujao, saa nne asubuhi, uwanja wa shule ya msingi. Mgeni wa heshima hatujaalika, safari hii hatutaki hotuba. Kuku, mayai, ndizi na mahindi vitapigwa mnada kama kawaida, na yule mzee aliyenunua jogoo mmoja mara tatu wakati wa paa anaombwa asikose. Walio mbali watume kwa namba iliyo nyuma ya kadi, waandike jina ili tusije tukawashukuru wengine.

Kadi zote zirudishwe kwa karani wa kanisa kufikia Alhamisi kabla ya harambee, hata zile ambazo hazijaandikwa kitu.

Katibu, kwa niaba ya kamati